Kusoma Ng'ambo Bila Kuvuka Bahari: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Afya wa Malindi na Lamu

Kwa miaka mingi mabadilishano ya wanafunzi wa afya katika pwani yetu yamekuwa ya upande mmoja. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi kutoka Ulaya huja hospitali zetu kwa wiki kadhaa, wakaona malaria na uzazi wa kila namna, wakapiga picha na punda wa Lamu, wakarudi kwao na alama za chuo. Mwanafunzi wa hapa, aliyewaonyesha wodi na kuwatafsiria wagonjwa, habanduki alipo. Akitaka kwenda yeye, anakutana na viza ya Schengen ambayo tangu Juni 2024 ada yake ni yuro 90, hairudishwi hata ukinyimwa, na hapo hujakata tiketi wala kuonyesha salio la benki.

Programu za ng'ambo kwa njia ya mtandao hazimalizi dhuluma hiyo, ila zinafungua mlango. Mwongozo huu ni wa anayesomea uuguzi, utabibu, maabara, afya ya umma au fani iliyo jirani, awe KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kampasi ya Malindi au Lamu, au Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Msimamo wangu nautoa mapema ili ujue unasoma maneno ya nani: programu inayofaa ni ile ambayo upande wa pili kuna mtu anayekusubiri useme kitu. Inayokutaka ukae kimya utazame vidio, hata ikiwa na nembo ya chuo kikubwa, ni kozi tu. Kozi si mbaya, lakini hujaenda popote.

Hatua ya 1: Tenganisha vitu vinne vinavyoitwa jina moja

Cha kwanza ni mfumo unaojulikana kwa kifupi COIL. Walimu wawili, kila mmoja na darasa lake katika nchi yake, hukubaliana kuunganisha sehemu ya somo kwa wiki kadhaa. Wanafunzi hugawanywa katika vikundi mchanganyiko, hupewa kazi ya pamoja, na kila mmoja husahihishwa na mwalimu wake. Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilianzisha kituo maalumu cha mfumo huu mwaka 2006, na janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege, vyuo vingi vya uuguzi vikaukimbilia. Hulipi ada ya ziada, maana bado uko darasani kwako. Mimi ningeanza na huu. Ugumu wake ni mmoja: mwanafunzi hawezi kujiandikisha peke yake, lazima mwalimu wake akubali kwanza.

Cha pili ni mabadilishano yanayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya chini ya Erasmus+. Mpango wa 2021 hadi 2027 una kitengo cha mabadilishano ya mtandaoni, na Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa maeneo yanayoruhusiwa. Fedha huombwa na vyuo na mashirika, wewe unaingia kama mshiriki tu. Chini ya Erasmus+ utakuta pia programu za mseto ziitwazo BIP, zenye siku 5 hadi 30 za kukutana ana kwa ana pamoja na sehemu ya mtandaoni. Kama chuo chako hakishirikiani na chuo chochote cha huko, usizipotezee usingizi kwa sasa.

Cha tatu ni kozi huria: Coursera, edX, FutureLearn, na mafunzo ya bure ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Zichukulie kama maktaba, unaingia, unasoma, unatoka, na hakuna anayejua ulikuwamo. Faida yake ni maandalizi. Ukijua utashirikiana na darasa la Uholanzi kuhusu afya ya mama, kozi ya wiki tatu kabla ya kuanza itakupa maneno ya kuzungumzia.

Cha nne ni mafunzo kazini ya mtandaoni yanayouzwa na kampuni, mara nyingi kwa dola mia kadhaa. Yapo ya kweli. Mengi ni vidio zilezile za bure zilizopambwa kwa cheti. Tutarudi hapo.

Hatua ya 2: Anza na mwalimu wako, si na Google

Wengi huanza kwa kutafuta mtandaoni usiku kucha, wakajaza fomu kumi, halafu wanamfuata mwalimu wakiwa na karatasi ya kutia sahihi. Mwalimu hajui lolote, muhula umeshapangwa, jibu ni hapana. Geuza mpangilio.

Kwa mwanafunzi wa KMTC, kumbuka mtaala ni mmoja kwa kampasi zote na mitihani yake haitungwi na kampasi yenu. Usiende kuomba usamehewe somo, hiyo si mamlaka ya mtu aliye Malindi. Omba vitu vidogo vinavyowezekana: barua ya kukutambulisha kama mwanafunzi, ruhusa ya kutumia chumba cha kompyuta saa fulani, na mwalimu mmoja atakayekuwa msimamizi wako. Chuo kikuu kina nafasi pana kidogo, kwa hiyo unaweza kuuliza idarani kama kazi ya pamoja inaweza kuhesabiwa ndani ya alama za somo. Huko Ulaya watakuambia programu ina pointi 2 au 3 za ECTS, yaani mfumo wao wa kupima uzito wa masomo. Pointi 1 ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, kusikiliza, kusoma na kuandika. Ukimpelekea mkuu wa idara hesabu ya saa, atakuelewa upesi kuliko ukimtajia pointi.

Ujumbe wa kwanza kwa mwalimu uwe mfupi. Mfano:

"Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa uuguzi, mwaka wa pili. Nimeona vyuo kadhaa vya uuguzi vya nje vinashirikiana na madarasa ya nchi nyingine kwa mtandao, wiki sita hivi, ndani ya somo linalofundishwa tayari. Nadhani somo la afya ya jamii muhula ujao lingefaa, hasa mada ya rufaa za wajawazito. Tuko wanafunzi sita tulio tayari, kila mtu na simu yake. Naomba dakika kumi nije nikueleze, siku utakayopanga wewe."

Angalia ujumbe huo haumwombi pesa, haumwongezei somo, na unamwachia yeye kupanga siku. Usisahau kutaja idadi ya wenzako, kwa sababu mwalimu hawezi kubeba programu kwa ajili ya mtu mmoja.

Na chuo cha kushirikiana nacho mtakipata wapi? Hapa sisi tuna bahati ambayo hatuitumii. Wale wanafunzi wa Ulaya waliopita wodini kwenu wana walimu. Mmoja wao mwandikie, muulize nani huko chuoni anashughulika na afya ya kimataifa. Mwalimu wako akiandika barua pepe kwa mtu mwenye jina, akataja hospitali ambayo wanafunzi wake walipokelewa, hiyo barua ina nafasi ya kujibiwa. Ile inayotumwa kwa anwani ya jumla ya chuo huzama.

Hatua ya 3: Jua kisichohesabika

Saa za wodini hazipatikani kwenye skrini. Baraza la Wauguzi, Baraza la Maafisa wa Kliniki na mabaraza mengine ya taaluma yanataka mazoezi ya vitendo yaliyosimamiwa, yakaandikwa na kutiwa sahihi. Mkono haujifunzi kutafuta mshipa wa mtoto mchanga kwa kutazama. Programu ikikuambia itachukua nafasi ya mazoezi yako ya hospitalini, ikimbie.

Wala cheti cha programu hizi si leseni ya kufanya kazi nje. Anayetaka kuwa muuguzi Uingereza atapita kwenye baraza lao la wauguzi na wakunga, kwa mtihani wa lugha na mtihani wa taaluma, na hakuna kikao cha Zoom kitakachomvusha. Ukifikiria kulipia stashahada au shahada nzima ya mtandaoni kutoka nje, nenda kwa baraza lako la taaluma kabla ya shilingi ya kwanza, uulize kwa maandishi kama watakusajili nayo. Jibu la mdomo la mtu wa mapokezi si jibu.

Hatua ya 4: Chuja matapeli na wanaouza hewa

Tangazo likikujia kwenye kundi la WhatsApp, fanya haya kabla hujajaza jina lako. Ingia tovuti ya chuo chenyewe kwa kuandika anwani mwenyewe, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Tafuta jina la programu na jina la mwalimu anayeisimamia. Mwandikie mwalimu huyo kwa anwani yake ya chuo umuulize mambo haya: nani atanisahihisha, tutakuwa wangapi darasani, na kazi ya mwisho ni nini. Programu ya kweli hujibu maswali hayo kwa mistari mitano. Ya uongo hukutumia tena tangazo lilelile.

Ada ya maombi inayotakiwa itumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi ni dalili tosha. Kuahidiwa kazi, viza au "nafasi mbili zimebaki" ni dalili nyingine. Nakala ya kitambulisho na ya matokeo ya KCSE usimpe mtu kabla hujakubaliwa rasmi, na hata hapo uliza zinahitajika kwa nini.

Kama malipo ni halali na madogo, kadi ya mtandaoni ya M-PESA GlobalPay hufanya kazi kwenye tovuti nyingi za nje bila kuwa na akaunti ya benki. Lakini jaribu kwanza kutolipa. Kozi nyingi za Coursera zina fomu ya kuomba msaada wa ada kwenye ukurasa wa kozi yenyewe. Eleza hali yako kwa ukweli na kwa ufupi, halafu subiri wiki mbili au zaidi, kwa hiyo usiombe siku ya mwisho.

Hatua ya 5: Saa ndiyo inayovunja programu nyingi

Mtandao ukikatika watu huelewa. Ukikosa vikao viwili kwa sababu ulikosea saa, wenzako watakuona mzembe, na hawatakwambia.

Sisi tuna shida mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni saa yetu wenyewe. Kichwani unafikiri saa nane mchana, kidole kinaandika 8, na mwenzako wa Rotterdam anaamka asubuhi kukusubiri. Ya pili ni kwamba wao hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatugusi. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kikao cha saa 15:00 za Rotterdam wakati wa baridi yao ni 17:00 huku, yaani saa kumi na moja jioni. Ikifika Aprili kikao hichohicho, bila mtu yeyote kukibadilisha, kimekuwa saa kumi kamili. Cha New York cha saa 10:00 asubuhi ni saa kumi na mbili jioni huku mwezi Januari, na saa kumi na moja mwezi Julai. Na kuna wiki mbili tatu za Machi ambapo Marekani wameshabadilisha, Ulaya bado. Kikundi chenye watu wa pande tatu hupotezana wiki hizo.

Dawa yake: kila kikao kiandikwe kwa saa ya UTC, ile ya marejeo ya dunia nzima, na kwa saa ya Nairobi kwa mtindo wa saa 24, halafu kwenye daftari lako mwenyewe kwa saa ya Kiswahili. UTC jumlisha 3 ni saa ya Nairobi, mwaka mzima. 14:00 UTC ni 17:00, ni saa kumi na moja jioni. Kalenda ya simu itakufanyia hesabu ukiiwekea mji sahihi, lakini hesabu ya kichwa ijue.

Halafu ratiba ya maisha yetu. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane mchana, kwa Waislamu wa kikundi, hakuna kikao, lisemwe siku ya kwanza. Magharibi huku huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, kwa hiyo kikao cha saa kumi na mbili hadi saa moja kina kipande kitakachokatika. Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na mwenzako wa nje hataijua isipokuwa umwambie. Kikao cha saa kumi na mbili jioni ndani ya Ramadhani ni kikao cha watu wanaotazama tende. Na kama uko Lamu, wiki ya Maulidi usikubali kupangiwa kutoa mada. Nyumba imejaa wageni, mji mzima uko nje, na hata ukipata kona, moyo hautakuwapo.

Usione haya kuyasema. Waambie kwa sentensi moja, pamoja na saa mbadala unazozipendekeza. Mwenye kutoa pendekezo hasumbui mtu.

Hatua ya 6: Mtandao, stima na mahali pa kukaa

Saa moja ya Zoom ya kundi yenye picha inaweza kula gigabaiti 1 hivi. Sauti tupu ya saa hiyohiyo haifiki megabaiti 100. Kwa programu ya wiki sita yenye kikao cha saa moja na nusu kila wiki, ni tofauti ya gigabaiti 9 na chini ya gigabaiti 1. Washa kamera ukijitambulisha na ukitoa mada, muda mwingine wote izime, na useme kwa nini. Bando linunuliwe kabla, si dakika tano kabla.

Mahali ni muhimu kuliko simu. Malindi unaweza kukaa chumba cha kompyuta cha chuo au kwa jamaa mwenye waya wa intaneti nyumbani. Lamu, nyumba za mawe za Mkomani zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na humo ndani mawimbi ya simu hufa. Panda juu, chini ya makuti, ndipo laini hushika. Huko juu kuna upepo, punda na adhana, kwa hiyo tumia visikizi vyenye maiki na ujizimie sauti unaposikiliza. Laini ya pili ya mtandao mwingine iwe ndani ya simu tayari, maana laini moja ikilala nyingine huwa macho. Stima ikikatika kipanga njia cha nyumbani kinazima, simu na pawabenki vinaendelea.

Wakati mwingine si wewe wala kampuni yako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu pamoja, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa kwa siku kadhaa. Basi siku ya kwanza kabisa kikundi kikubaliane: mtu akitoweka, kikao kinaendelea, kinarekodiwa kama wote wameridhia, na aliyetoweka anatuma mchango wake kwa ujumbe wa sauti ndani ya saa 24. Kazi za kuandika ziwekwe kwenye faili linalofunguka bila intaneti.

Hatua ya 7: Siri ya mgonjwa katika mji mdogo

Hapa ningekuomba usome polepole. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na ina masharti kuhusu kuzipeleka taarifa nje ya nchi. Unapoweka picha ya jeraha kwenye faili la pamoja na mwanafunzi wa Leeds, Uingereza, umeipeleka nje ya nchi, hata kama wewe hujatoka mtaani Langoni, Lamu.

Mwalimu wa Ulaya atakuambia ondoa jina, ondoa tarehe ya kuzaliwa, inatosha. Kwao labda. Kwetu haitoshi. Ukiandika "mama wa miaka 34 kutoka Ndau, aliyejifungua mapacha akapelekwa kwa boti usiku", humtaji jina na kila mtu kisiwani anamjua, na mumewe, na mwenye boti. Mtu mmoja kwenye kikundi ana rafiki aliyewahi kujitolea Lamu, picha ya skrini inarudi, na mgonjwa wako anasikia habari zake sokoni.

Kwa hiyo usipeleke mgonjwa halisi. Tunga mgonjwa mmoja kutokana na wengi uliowaona, badilisha umri, kijiji, idadi ya watoto, na uandike juu kabisa kwamba ni wa kutungwa. Picha za wodini zisiwepo, hata za ukuta, kwa sababu ubao wa majina huwa nyuma. Picha za eksirei na matokeo ya maabara tumia yale yaliyochapishwa vitabuni. Ukiona lazima utumie taarifa za kweli, hiyo sasa ni kazi ya utafiti, inahitaji ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili, na mwanafunzi haanzi hilo peke yake. Mwisho, usihudhurie kikao cha kujadili wagonjwa ukiwa kwenye saiba, duka la intaneti.

Hatua ya 8: Peleka kitu chako

Makosa ya wanafunzi wetu ni kudhani wameitwa kujifunza tu. Mwenzako wa nje amesoma malaria kitabuni, wewe umeishika paji la uso. Kilifi, mwendo wa saa moja hivi kutoka Malindi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989, na chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na WHO, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, zimejaribiwa huko pamoja na vituo vingine vya Afrika. Matende na busha nchini Kenya ni maradhi ya pwani hii. Mada hizi ni zako.

Mada ambayo naipenda kwa darasa la pamoja ni rufaa ya mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, kwa sababu haihitaji mitambo kuielewa na inafichua mfumo mzima wa afya. Ifanyeni hivi. Mtunge akina mama wawili, mmoja wa kisiwa cha Pate, mwingine wa Leeds. Wote wamejifungua saa nane usiku, wote damu haisimami. Kila upande uandike saa baada ya saa: anamwita nani, nani anaamua, anasafirije, nani analipa, dawa gani ipo pale alipo.

Upande wa Leeds utakuwa mfupi: simu, gari la wagonjwa, hospitali, bila bili, maana huduma yao ya taifa tangu 1948 hailipiwi mlangoni. Upande wa Pate ndio utakaowashangaza. Kuna mkunga wa jadi aliyeitwa kwanza, kuna mume aliye baharini ambaye ruhusa inasubiriwa kutoka kwake, kuna kutafuta boti na mafuta, na kuna maji: yakipwa, baadhi ya njia za mikoko hazipitiki. Oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, sasa muulizane stima ya zahanati ikikatika inakuwaje. Na malipo: SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Je, mama huyu amesajiliwa na amelipiwa? Nani anajua saa nane usiku?

Usiache hadithi iishie kwenye huruma. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Wakunga walipima damu kwa mfuko maalumu wa plastiki wenye alama badala ya kukisia kwa macho, na mara ilipozidi wakatoa matibabu yote kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuukaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, uchunguzi na kuita msaada. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Huu ni ujuzi uliothibitishwa hospitali za Afrika, na mwanafunzi wa Leeds anauhitaji kama wewe. Mtaje pia kazi ya Safari Doctors, shirika la Lamu linalopeleka kliniki kwa mashua hadi vijiji vya mbali, ili waone kwamba watu wa huku hawajakaa wakisubiri.

Kisha uliza na wewe. Wazee wanaoishi na usahaulifu mkubwa wanatunzwa na nani kwao? Muuguzi anaruhusiwa kuandika dawa gani? Daktari akikosea, muuguzi anamwambiaje?

Hatua ya 9: Namna ya kukaa kikaoni

Tumelelewa kumngoja mkubwa amalize na kutojibu mpaka tuitwe. Katika madarasa yao ukimya husomwa kama hujajiandaa. Panga mapema sentensi mbili utakazosema kila kikao, moja katika dakika kumi za kwanza. Ukichelewa kujitokeza, kila dakika inayopita koo huzidi kukauka. Mwalimu akijitambulisha kwa jina lake la kwanza na wanafunzi wake wakamwita hivyo, unaweza kumfuata. Kwenye barua pepe baki na cheo chake.

Lafudhi isikutishe, sema polepole tu. Usipoelewa waombe waandike kwenye ubao wa ujumbe, utakuta na wengine walikuwa wamepotea.

Dada asiyetaka uso wake urekodiwe ana haki hiyo, na aiseme kabla ya kikao cha kwanza, si katikati. Sauti na jina vinatosha kushiriki. Kama mwalimu wa nje anatoa alama za kuwasha kamera, msimamizi wenu wa huku ndiye wa kuzungumza naye.

Na gawaneni kazi kwa maandishi. Vikundi vya nchi mbili huvunjika pale mmoja anapodhani mwingine anaandika hitimisho.

Hatua ya 10: Ondoka na ushahidi

Kabla kikao cha mwisho hakijafungwa, omba vitu vitatu: cheti chenye idadi ya saa na jina la somo, barua fupi ya mwalimu wa upande wa pili inayotaja kazi uliyofanya wewe, na nakala ya kazi yenyewe. Baada ya mwezi mmoja hakuna atakayekukumbuka. Vihifadhi kwenye barua pepe yako, kwa sababu simu huibiwa na kuanguka majini, na akaunti ya darasa la pamoja hufungwa muhula ukiisha. Nakala moja mpelekee msimamizi wako iingie kwenye faili lako la chuo.

Kwenye wasifu wako usiandike "nimesoma Chuo Kikuu fulani, Uholanzi". Mtu mmoja wa kamati ya usaili akiuliza nambari yako ya usajili huko, umekwisha. Andika kilichotokea: "Mshiriki, mradi wa pamoja wa wiki sita kwa mtandao kati ya darasa letu na darasa la uuguzi la chuo hicho, saa 40, mada: rufaa za dharura za uzazi. Nilitayarisha ramani ya safari ya mgonjwa upande wa visiwani." Jina la chuo hicho liandikwe kamili kama lilivyo kwenye cheti, na saa ziwe zilezile za kwenye cheti, kwa sababu mwenye kuajiri akiamua kupiga simu, atapiga kwao kwanza.